Ukoo wa Subira

Mwaka 2011 umeme ulikuwa wa mgao, na steshenari niliyokuwa nafanya kazi, pale mtaa wa Rwagasore, Mwanza, iliishi kwa jenereta. Ilinguruma mlangoni kutwa, mteja akikuagiza kitu mnaelewana kwa vidole. Nilikuwa na miaka 22. Kuchapa ukurasa shilingi 1,000, lamineshi 1,500. Barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi, risala za harusi zenye makosa yale yale. Kwa hiyo siku yule kaka alipoweka noti tatu za elfu kumi kwenye kaunta, kwa karatasi moja tu, nilitoka nje nikazima jenereta ili nimsikie vizuri.

"Mdogo wangu, nataka cheti cha mbwa."

Nikadhani ni cha chanjo ya kichaa. Akacheka. Alichotaka ni ukoo. Alikuwa na mfano wake, karatasi iliyochapwa kutoka kwenye intaneti, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka maandishi ya kwenye mikunjo yamefutika. Kushoto kabisa jina la mbwa, kisha wazazi wawili, kisha mababu na mabibi wanne, kisha wanane, kisha kumi na sita. Majina 30, ukiacha la mbwa mwenyewe. Machache yalikuwa ya wino mwekundu.

"Hao wekundu ndio wenye mali," akaniambia. "Akishinda tatu anaitwa bingwa. Akishinda tano hajapoteza, bingwa mkuu. Karatasi ikishaiva wekundu, mtoto wake unamuuza bei ya ng'ombe."

Mbwa wake alikuwa pitbull upande wa baba, aliyeletwa kutoka Nairobi, kwa maneno yake. Mama alikuwa koko wa Igoma. Huo upande wa mama ndio uliohitaji mchapaji.

Nilibaki dukani jioni ile nikisoma, maana nilitaka majina yafanane na ya kweli. Nikakuta kwamba pitbull wa Kimarekani walianza kuandikishwa na klabu yao mwaka 1898, na klabu ya pili ikafuata 1909. Kabla ya hapo, mwaka 1889, bwana mmoja wa Massachusetts, John P. Colby, alikuwa ameanza kuzalisha wa kwake, na mpaka leo kuna watu wanaotamba kwamba mbwa wao ni wa damu ya Colby, kama vile huku mtu anavyotamba kwamba babu yake alikuwa ntemi. Uingereza ilikwisha kupiga marufuku mapambano ya mbwa tangu 1835. Marekani ilipofika 2008 yalikuwa kosa kubwa la jinai katika majimbo yote 50, na mwaka uliotangulia mchezaji maarufu wa mpira wa kule, Michael Vick, alikuwa amehukumiwa miezi 23 jela kwa biashara hiyo hiyo, mbwa karibu 50 wakachukuliwa kwake. Nikasoma pia neno lao kuu, ambalo sikulipatia tafsiri nikaridhika. Si ukali. Ni ile hali ya mbwa kurudi vitani hata akiwa ameshashindwa. Hiyo ndiyo wanayodai inarithiwa, na hiyo ndiyo inayouzwa.

Nikachapa. Majina ya wanaume yalikuja haraka. Kwa wanawake niliishiwa mapema, na nafasi ya mwisho, bibi wa bibi yake wa upande wa mama, nikaijaza na mbwa wa marehemu babu yangu kule Magu: Subira. Nikamtia wekundu. Bingwa mkuu. Nilicheka peke yangu dukani.

Angeichukua tu pale dukani, yangeishia hapo. Lakini alipiga simu Jumamosi akanitaka nimpelekee mwenyewe, nije nione kazi yangu inavyofanya kazi. "Ng'ombe wawili wanapimwa saa nne usiku," alisema. Kwenye simu hawakuwahi kusema mbwa. Mwanza kila mtu anaongelea ng'ombe, nani atashtuka?

Lilikuwa pagala ng'ambo ya Kisesa, halijaezekwa, madirisha yamezibwa kwa magunia. Mlangoni kijana alishika ndoo, unaweka simu yako humo ndipo unapita. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ilikuwa na miaka mitatu tangu ipitishwe. Hakuna aliyeitaja, ndoo ilitosha. Walikuwepo watu kama ishirini, wengine wa gari, wamevaa vizuri, wakisalimiana kwa upole kama wako kwenye kikao cha harusi. Nilimwamkia mzee mmoja shikamoo, akaitikia marahaba na kuniuliza habari za nyumbani.

Mizani ilikuwa ile ya Mwaloni, ya kuning'iniza, ya kupimia sangara, bado ina magamba kwenye ndoano. Waliwapitishia mkanda chini ya kifua, wakawainua mmoja mmoja, maana uzito lazima ulingane. Wa kwetu alining'inia kimya, miguu minne imelegea, akanitazama. Alikuwa na rangi ya udongo wa kichuguu na harufu ya mapanki, yale mabaki ya sangara, kwa kuwa ndiyo chakula chake. Alipokuwa anashushwa aliulamba mkono wa aliyemshika.

Pambano lenyewe sitalisimulia lote. Chumba kilitandikwa mabaki ya zulia, na mistari miwili ya chaki, kila upande mmoja. Wakitenganishwa, mbwa wa zamu anaachiwa, na ana sekunde kumi za kuvuka kumfuata mwenzake. Asipovuka, amepoteza. Kelele hazikuwepo kama nilivyotegemea, mtu mmoja tu alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini. Mara ya tatu mguu wa mbele wa mbwa wetu haukuwa unakanyaga tena. Akaachiwa. Moja, mbili, tatu. Kufika sita alikuwa bado amesimama. Saba, akaanza kwenda, akijikokota, na mkia unatikisika.

Nyuma yangu yule mzee wa marahaba alipumua kwa nguvu. Alikuwa ameshika karatasi yangu, ameisogeza kwenye mwanga wa taa ya chemli.

"Damu haidanganyi," akasema. "Tazama upande wa mama."

Alishinda. Usiku ule ule walimlaza kwenye buti ya gari, juu ya gunia, na tulipofika Nyakato alikuwa ameshakufa. Kaka hakusema neno mpaka Mabatini, akaniuliza kama bei ya lamineshi ningeweza kumpunguzia.

Wiki iliyofuata mzee alikuja dukani mwenyewe, na karatasi ile ndani ya bahasha. Aliiweka mezani akatia kidole juu ya jina la mwisho kabisa, lile jekundu.

"Mwanangu, huyu Subira. Uzao wake bado upo? Alikuwa mbwa wa namna gani?"

Jenereta ilikuwa inanguruma. Nilijifanya sijasikia, akarudia kwa kupaza sauti.

"Mkali, mzee," nikamwambia. "Mkali sana."

Subira alikuwa anaogopa mbuzi. Wakipita uani, babu alikuwa anamfungia jikoni mpaka waishe.