Nilivyoanza kudarizi kwa mashine nikiwa na cherehani ya kawaida

Watu wakipita kibandani kwangu wakakuta mashine inadarizi yenyewe, swali la kwanza huwa ni bei yake. Karibu hakuna anayeuliza nimeweka nini chini ya kile kitambaa, na kazi yenyewe iko hapo. Mashine inapeleka sindano pale ilipoambiwa, basi. Kitambaa kikiwa kimelegea au kimevutwa upande, itadarizi hivyo hivyo mpaka mwisho bila kukuonya.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Mbagala, Dar es Salaam. Kazi zangu zilikuwa sare za shule, magauni ya vitenge na kurekebisha nguo za mitumba. Darizi ililetwa na wateja. Mtu anashona sare kwangu, halafu anazifunga kwenye mfuko azipeleke Kariakoo zikawekwe nembo, nauli juu yake na kusubiri juu yake. Nikaona pesa inapita mlangoni kwangu kila mwezi wa Desemba na Januari.

Sikukimbilia kununua mashine. Nilianza na cherehani ya miguu niliyokuwa nayo, na mpaka leo anayetaka kuanza namshauri apitie huko kwanza. Jirani yangu wa kibanda cha pili ni mzee aliyedarizi shingo za kanzu kwa cherehani ya kawaida kwa miaka mingi. Nilimfuata siku ambayo hakuwa na kazi nyingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuangalia au umekuja kufanya?"

Nikamwambia nimekuja kufanya. Akafungua skrubu, akautoa mguu wa cherehani, akateremsha meno yasisukume kitambaa. Akafunga kipande cha poplini kwenye fremu ya mviringo, ila aliifunga kinyume na wanaodarizi kwa mkono: kitambaa kilikuwa upande wa chini wa fremu, kikilalia bamba la cherehani. Kisha akanionyesha jambo ambalo watu wengi hulikosa. Mguu haupo, lakini ile nyenzo ya kuuteremshia bado inateremshwa, kwa sababu ndiyo inayobana uzi wa juu. Ukiiacha juu, uzi wa juu unakosa tensheni na nyuzi zinafumana chini mpaka cherehani inakwama.

Kuanzia hapo urefu wa mshono unatoka mikononi mwako. Ukisogeza fremu haraka huku miguu inakanyaga polepole, mishono inakuwa mirefu na legelege. Ukikanyaga haraka na mikono ikachelewa, nyuzi zinarundikana mahali pamoja. Nilidarizi majani, mistari na jina la mama yangu kwenye vipande vya nguo vilivyobaki, na kila nilipomwonyesha mzee upande wa juu aliniambia neno moja: "Geuza." Hakuwa na haja na upande wa mbele. Alisoma kazi kwa mgongo wake.

Mashine yangu niliipata kwenye mitumba ya Japani: ya nyumbani, sindano moja, fremu ya sentimita 10 kwa 10. Kabla ya kulipa nilitaka kuiona ikidarizi, siyo kuwaka taa tu. Niliangalia pia kama fremu yake ipo na kikasha cha bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, kipo, maana fremu ya kampuni moja mara nyingi haikai kwenye mashine ya kampuni nyingine, na kuitafuta peke yake ni usumbufu. La muhimu zaidi ni umeme. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100 na huku kwetu tunatumia 230. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani umeiua. Bei ya transfoma ya kushusha umeme niliiweka kwenye hesabu ya mashine tangu mwanzo, na ukinunua ya mitumba fanya hivyo hivyo.

Kitambaa nilichojifunzia ni kimoja tu: driili ya pamba, ile ya kaptula za shule. Ni nzito, haivutiki, na inavumilia mishono mingi. Chini yake naweka ile karatasi ya darizi ya kuchana, ambayo ukimaliza unaichana kwa vidole na inayobaki chini ya mishono inakaa humo humo. Wapo wanaoweka gazeti kubana matumizi. Wino wake unachafua uzi mweupe, na sindano ikishaligonga mara nyingi linasagika kabla kazi haijaisha, halishikilii tena kitu.

Uzi nao una mambo yake. Uzi wa kawaida wa kushonea unatoa vumbi na hauna mng'ao. Wa kudarizi unaouzwa sana ni ule wa namba 40, na kwenye bobini unaweka mwembamba zaidi, mara nyingi mweupe, kwa rangi zote. Kuna wa rayoni na wa poliesta. Wa rayoni unang'aa vizuri mno, na kwa nguo ya sherehe sina ubishi nao. Ila sare ya shule ya mtoto wa Kitanzania itakutana na jiki, upende usipende, kwa hiyo nembo za shule nadarizi kwa poliesta, ambayo inastahimili jiki kuliko rayoni. Sindano natumia saizi 75/11 ya kudarizia, yenye tundu kubwa kuliko ya kawaida ili uzi usikwaruzwe. Ikianza kugonga kwa mlio mzito au uzi ukawa unakatikakatika, jambo la kwanza nabadilisha sindano. Ni kitu rahisi kuliko vyote mezani na ndicho watu wanachokionea uchungu.

Lile neno la mzee lilinisaidia kuliko kitabu cha mashine, ambacho kwa vyovyote kilikuwa kwa Kijapani. Nilidarizi herufi I kubwa kwa mshono wa satini, ule unaokwenda kushoto na kulia, nikageuza. Mgongoni unatakiwa kuona uzi mweupe wa bobini umekaa katikati kwa upana wa karibu theluthi moja, na rangi ya uzi wa juu imejitokeza pembeni huku na huku. Mgongo ukiwa rangi tupu, uzi wa juu umelegea. Weupe ukichungulia mbele, wa juu umekazwa mno au wa chini umelegea. Kila nikibadilisha aina ya uzi nadarizi I moja kwenye kipande cha taka kabla ya kugusa nguo ya mteja.

Driili ilipokubali nikahamia fulana, na fulana ni somo jingine kabisa kwa sababu inavutika. Karatasi ya kuchana haifai hapo. Natumia ile ya kukata, inayobaki mgongoni kwa maisha yote ya nguo na kupunguzwa kwa mkasi tu kuzunguka darizi. Naikata iizidi fremu kila upande. Naweka alama ya msalaba kwenye kifua cha fulana kwa kipande cha sabuni kavu, nalegeza skrubu ya fremu sana, natandaza karatasi juu ya fremu ya nje, juu yake fulana, kisha nagandamiza fremu ya ndani kwa viganja viwili kwa pamoja. Halafu nakaza skrubu. Baada ya hapo sivuti kitambaa. Mkono unawasha kabisa, unatamani uvute kidogo pembeni kikaze kama ngoma, na kwenye driili unaweza. Fulana ukiivuta itakaa vizuri muda wote ikiwa kwenye fremu, ukiitoa inarudi kwenye ukubwa wake huku mishono haikurudi, na jina la mteja linazungukwa na mikunjo ambayo pasi haiwezi kuitoa. Fremu inatakiwa kushika kitambaa kikiwa kimelala kilivyo.

Taulo zinahitaji kitu juu vilevile: utando mwembamba wa plastiki unaoyeyuka kwenye maji, unautandaza juu ya taulo ili vile vitanzi vya taulo visimeze herufi. Kitenge kipya nakifua kwanza kitoke wanga na kirudi kama ni cha kurudi, ndipo nadarizi.

Sasa mafaili. Hapa ndipo wateja wengi na mimi tunapochoshana. Mteja ananitumia picha ya nembo kwa WhatsApp, imepigwa kwenye barua iliyokunjwa, anasema, "Dada, iingize tu kwenye mashine." Picha haiingii. Mashine inasoma orodha ya mishono: sindano iende hapa, iruke pale, isimame ubadilishe rangi. Orodha hiyo lazima mtu aichore kwenye kompyuta, aamue wapi pawe na mstari, wapi satini, wapi mshono wa kujaza, na nyuzi zilale upande gani. Mimi nilijifunzia kwenye Ink/Stitch, programu ya bure inayofanya kazi ndani ya Inkscape, ambayo nayo ni ya bure. Haina urembo wa programu za kulipia, lakini nembo yangu ya kwanza ya shule ilitoka humo.

Mashine yangu inasoma mafaili ya darizi ya aina ya PES. Ukitumiwa DST, ambayo ndiyo lugha ya mashine kubwa za viwandani, ujue faili hilo halibebi rangi, linasema "simama" tu. Usishangae kioo cha mashine kikikuonyesha twiga wa bluu. Unafuata karatasi ya rangi uliyopewa, au unamuuliza mwenye faili. Na usikuze faili lililokamilika kupita kama asilimia 20 hivi, wala kulipunguza sana. Kama mashine haipangi mishono upya, ukikuza nyuzi zinaachana kitambaa kikaonekana, ukipunguza zinabanana mpaka nguo inakuwa ngumu na uzi unakatika.

Ndani ya faili kuna vitu viwili ambavyo macho hayavioni nguo ikikamilika, na mimi navihesabu ndivyo vinavyotenganisha kazi nzuri na mbaya. Cha kwanza ni mishono ya chini, ile michache inayotangulia kupita kushikiza kitambaa kwenye karatasi kabla rangi haijajazwa. Cha pili ni kuongeza upana. Uzi unavuta kitambaa kuelekea katikati, hivyo duara ulilochora kikamilifu linatoka kama yai. Unachora likiwa pana kidogo kule nyuzi zinakovuta, kama milimita 0.2 hadi 0.4 kutegemea kitambaa, ndipo litoke duara.

Mwalimu mmoja aliniletea nembo yenye kitabu, mwenge, milima, jua na kaulimbiu imezunguka chini kwa herufi za milimita tatu. Nikamwambia, "Mwalimu, kwa uzi huu herufi chini ya milimita tano hazisomeki, tundu la a na e linaziba. Tuchague: nembo iwe kubwa, au maneno ya chini yatoke."

"Hayo maneno ndiyo shule yenyewe, fundi."

"Basi tuyashushe yawe mstari ulionyooka chini ya mfuko, na jua tulitoe."

Alifikiri sana kuhusu lile jua. Mwishowe milima ndiyo iliyotoka, jua likabaki, na kwa kweli ilipendeza kuliko nilivyopendekeza mimi.

Kuhusu bei, nilikataa tangu mwanzo kukadiria kwa macho. Mashine inakuonyesha idadi ya mishono. Darizi ya mishono 5,000 kwa mwendo wa mishono 400 kwa dakika ni dakika kumi na mbili na nusu za sindano kutembea. Ongeza kubadilisha rangi, maana mashine ya sindano moja inasimama kila rangi na wewe ndiye unayetunga uzi upya, kisha kukata nyuzi za kuruka kwa mkasi mdogo na kusafisha mgongo. Kwa hiyo nina bei ya kila mishono 1,000, na nina kiwango cha chini ambacho sishuki hata kama ni jina la herufi nne, kwa kuwa kufunga nguo kwenye fremu kunachukua muda ule ule, jina liwe refu au fupi. Wateja wanalalamika kidogo juu ya hicho kiwango. Nikiwafungia nguo mbele yao wanaacha.

Umeme ukikatika katikati ya kazi siiondoi fremu wala siigusi. Mashine yangu inakumbuka mshono ilioishia, ukirudi inaendelea, ila kitambaa kikisogea hata milimita moja rangi inayofuata haitakutana na mstari wake.

Kofia za kapelo sipokei. Fremu yangu ni bapa, na kapelo inataka fremu iliyopinda kama kofia na mkono mwembamba kama wa mashine za sindano nyingi. Mteja wa kapelo namwelekeza Kariakoo, kwa fundi niliyezoeana naye. Oda kubwa za fulana za vikoba nazo ninagawana na fundi huyo: mimi nachora faili na kudarizi sampuli, yeye anadarizi zilizobaki kwa mashine yake kubwa, na mteja analipia kwangu.