Choo cha bibi kwenye daftari langu

Jana asubuhi ukungu wa Mufindi ulikuwa bado haujapanda nilipopiga hodi kwa bibi mmoja wa kitongoji cha juu, mpakani na mashamba ya chai.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mjukuu wangu. Umekuja kuchungulia choo changu tena?"

Nimekuja. Ndiyo kazi ya mhudumu wa afya wa jamii, kupita kaya kwa kaya na daftari. Choo chake anakifagia kila siku, na kibuyu chirizi cha kunawia mikono kinaning'inia nje na sabuni yake. Ila sakafu ni magogo yaliyokandikwa udongo, haiwezi kuoshwa. Nikaandika: kipo, si bora. Ni mwaka wa tatu naandika maneno hayo hayo.

Programu ya serikali ya maji na usafi wa mazingira vijijini, ile ambayo Benki ya Dunia iliidhinishia mkopo wa dola milioni 350 mwaka 2018, hulipa kwa matokeo. Semina iliyofanyika na posho zilizosainiwa hazitoshi kuleta fedha. Lazima mhakiki aje akute vyoo vipo kweli. Naiunga mkono njia hii kwa moyo wote, maana nimekaa kwenye semina nyingi ambazo hazikuacha hata shimo moja.

Lakini anayehesabiwa hukimbilia kilicho karibu. Kaya yenye kuta za tofali na bati, iliyokosa mlango tu, ukiihimiza wiki mbili umepata namba. Bibi je? Anahitaji shimo jipya, saruji, nondo na fundi. Sisi tunahamasisha kila kaya ijijengee, naye ana miaka zaidi ya sabini, anaishi na mjukuu wa darasa la pili. Kwenye hesabu ni choo kimoja, sawa na kile cha mwenye duka.

Ningekuwa na sauti kule juu ningeomba choo cha kaya kama hii kilipiwe zaidi. Na mhakiki arudi mwezi Mei, mvua zikikatika, maana huku mashimo mengi hutitia masika.

Vijana watatu wa kwaya wamekubali kuja kuchimba Jumamosi. Mchanga upo, nondo kaahidi mtendaji. Bado mifuko miwili ya saruji.