Baba na Alfa ya Le Mans

Desemba 2014 niliingia Tanga na gari mapajani. Boksi lake nililipakata tangu Stuttgart. Ndani ya basi la kutoka Dar es Salaam kondakta alitaka liende kwenye buti, nikamwambia bora niende huko mimi.

Ilikuwa Alfa Romeo 8C 2900B, modeli ndogo ya kipimo cha 1:18 kutoka kampuni ya CMC ya Ujerumani. Gari lenyewe ni moja tu: karakana ya Touring, Milano, ililivisha bodi kwa ajili ya mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, ya mwaka 1938. Jekundu, pua ndefu, paa linateremka mpaka nyuma kama tone la maji. Niliiwekea akiba miezi saba. Sikuona mtu mwingine wa kumwonyesha kwanza isipokuwa baba, fundi wa kunyoosha bodi. Land Rover za mashamba ya mkonge ndizo zilizotusomesha.

Baada ya chai nikaiweka mezani, nikaanza hadithi niliyoiandaa njia nzima: madereva wake, Sommer na Biondetti, walivyoongoza usiku kucha, wakawaacha wenzao zaidi ya kilomita 160, halafu Jumapili tairi likapasuka, na baadaye injini ikafa. Ushindi ukaenda kwa gari la Kifaransa, Delahaye.

Baba hakuwa akinisikiliza. Alikuwa amevaa miwani, na kidole chake cha shahada kilikuwa kinapita juu ya digadi ya mbele, taratibu, kinakwenda na kurudi. Ndivyo alivyokuwa akitafuta bonde kwenye bati. Macho hudanganywa na rangi, kidole hakidanganywi.

"Hili kubwa lake ni bati gani?"

"Alumini, baba."

"Imeshikwa na nini?"

Hapo nikafurahi, kwa kuwa nilijua. Touring walikuwa na njia yao, Superleggera, yaani nyepesi mno. Walichomelea mabomba membamba ya chuma kufuata umbo la gari, kama mbavu, kisha wakayavisha alumini iliyogongwa kwa mkono na kukunjwa ukingoni.

Akaiweka chini.

"Alumini juu ya chuma? Katikati waliweka nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma habari za gari lile kwa miaka, najua silinda nane, najua supachaja mbili, najua jina la Vittorio Jano aliyeibuni injini, na swali hilo halikuwahi kunipitia kichwani.

Akainuka, akaenda uani. Aliporudi alikuwa na kipande cha mlango wa Land Rover ya zamani. Akaukwangua ukingo kwa kisu, ukamwagika unga mweupe. "Tazama. Chuma na alumini vikigusana, na chumvi hii yetu ikaingia, vinalana. Huoni kutu, unaona unga. Mwenye gari anadhani ni vumbi. Mimi ningeweka kitambaa."

Usiku ule nilikaa barazani na simu, mtandao unakatika kila dakika, mpaka nikapata maelezo ya namna Touring walivyofanya kazi. Walizungushia mabomba kitambaa pale yalipokutana na alumini, ili visigusane.

Alfajiri nilimkuta ametoka kuswali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Waliweka kitambaa."

Hakushangaa hata kidogo. Mimi ndiye niliyetetemeka. Watu wa Milano wa miaka ya 1930 na mzee wa Tanga ambaye hajawahi kuona hata picha ya karakana yao walikuwa wamefikia jibu lilelile, na yeye kalifikia kwa kukwangua milango ya watu.

"Basi walikuwa mafundi," akasema. Akavuta kiti, akaufungua mlango wa kulia, wa dereva, kwa ncha ya ukucha. Akaufunga. Akaufungua tena, akaufunga, sikio lake karibu kabisa na paa.