Mapema kwa nani? Dogo wa Nkuhungu na Rogers Mtagwa

Juzi nimepita gym ya ngumi ya mtaani hapa Nkuhungu, Dodoma (gym yenyewe ni banda la bati na begi mbili za kupigia, ila watu wanajifua kweli) nikakuta ubishi: bondia mchanga akipewa mpinzani mkubwa, ni mapema mno au ndiyo bahati yake? Dogo wetu mmoja ana mapambano manne, kashinda yote, sasa kaletewa ofa aende Dar akapigane raundi nane na jamaa mwenye rekodi ndefu balaa. Dogo mwenyewe hajawahi kuvuka raundi ya nne. Vijana wanasema aende, bahati haibishi hodi mara mbili, mzee mmoja pembeni akasema tu "mnampeleka akachinjwe", basi hapo ikawa kelele.

Wanaosema "aende" mfano wao ni bondia Leon Spinks wa Marekani. Kweli, 1978 alimpiga Muhammad Ali kwenye pambano lake la nane tu. Ila Ali alishafika miaka 36, na Spinks alikuwa na dhahabu ya Olimpiki ya 1976, hakuokotwa stendi. Halafu mwaka huohuo Ali akarudi akachukua mkanda wake. Lomachenko wa Ukraine naye 2014, pambano lake la pili tu la kulipwa, akavaana na Salido, bondia mzoefu wa Mexico, akapoteza kwa pointi, la tatu akawa bingwa wa dunia. Sawa, lakini yule ana dhahabu mbili za Olimpiki. Nikamuuliza dogo ngumi za ridhaa (zile zisizo za kulipwa) kapigana mara ngapi, akacheka.

Mimi anayenikaa kichwani ni bondia Rogers Mtagwa, mzaliwa wa hapahapa Dodoma, na ukiwauliza madogo wa leo wengi hata hawamjui, inaniuma sana hii. Jamaa akaenda kuishi Philadelphia, Marekani, hakubebwa na mtu, kapigana weee, kapoteza zaidi ya kumi. Oktoba 2009 akapewa Juan Manuel López pale New York, bingwa wa dunia wa WBO (moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya ngumi) ambaye hakuna aliyekuwa amempiga. Raundi ya 12 López anayumba kama mtu anatoka kilabuni saa sita usiku, miguu haipo, kengele ndo ikamwokoa! Mtagwa akapoteza kwa pointi lakini dunia ikamjua.

Sasa sikia. Januari 23, 2010, miezi mitatu na kidogo tu baada ya vita ile, akapandishwa ulingoni na Yuriorkis Gamboa, bingwa mwingine, mkono kama umeme. Raundi ya pili mchezo umeisha.

Kwangu López hakuja mapema, Gamboa ndo alikuja mapema, japo Mtagwa alishapigana karibu mara arobaini. Kwa hiyo wanaohesabu mapambano wanahesabu kitu sicho, hesabu mwili umepumzika kiasi gani na umepewa muda gani wa kujiandaa. Najua mtanitajia bondia wetu Mwakinyo, 2018 kaitwa ghafla Birmingham, Uingereza, kammaliza Mwingereza Eggington raundi ya pili. Ndiyo, nilishangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini waliomwita hawakumwita ashinde.

Dogo kapewa wiki tatu. Nikamwambia aombe miezi miwili na raundi sita. Akanijibu promota kashasema kama hataki yupo mwingine Morogoro, na hela ya kodi anaihitaji. Nikakosa la kumwambia. Jumatatu napita tena pale bandani.