Sauti ya zamu
Abiria wengi wanaamini kila ndege ina mtu mnarani anayeiongoza mpaka inatua. Sisi marubani wa ndege ndogo za injini moja, viwanja vya vumbi huko Serengeti, mara nyingi hatuna mnara. Tuna huduma ya taarifa za safari: afisa anakupa hali ya hewa, mgandamizo wa hewa wa kuseti altimita (kipimo cha kimo cha ndege), na nani mwingine yuko angani jirani. Hakuamuru. Uamuzi unabaki kwa rubani.

Jana nilikuwa futi 10,500 natoka Arusha, najiandaa kushuka. Dada wa zamu akanijulisha kuna mwenzangu anakuja uso kwa uso, futi 9,500. Nikasubiri kidogo, nikamwona akipita chini upande wa kushoto, kandege kadogo keupe juu ya kivuli cha wingu. Ndipo nikashuka. Jamani, huyo dada namheshimu sana.

Kazi yao ni ya zamu, usiku, sikukuu, masikio yote kwenye spika, huku marubani kadhaa wakiita kwa pamoja. Wanastahili mapumziko ya kweli na watu wa kutosha kwenye zamu.

Tena ndio wanaotulinda tukinyamaza. Zikipita dakika 30 tangu ulipotakiwa kuripoti na hujasikika, wanaanza kukuulizia, na ukikosekana kabisa waokoaji wanaitwa. Kwa hiyo nikitua, redio isipofika, napiga simu kufunga mpango wa safari, yaani kuwaambia nimefika salama, kabla hata mizigo haijashuka.