Milioni mia za Sam Darnold, zikipita mezani kwangu

Jumatatu ya tarehe 10 Machi 2025, giza limeshaingia, nilikuwa na mteja wa mwisho wa siku. Dereva wa lori, Mkongo wa Bukavu, kaja na mfuko wa rambo umejaa risiti za dizeli za mwaka mzima. Nyingine wino umefifia mpaka uzilaze chini ya taa ndipo usome. Tulikuwa tumefika za Julai, simu yangu ikatikisika. Mwanangu: "Mama, Darnold kaenda Seattle. Miaka 3, milioni 100.5."

Nikaguna. Yule kaka akauliza, nyumbani salama? Nikamwambia salama, ni mpira tu, kwotabeki wetu wa Minnesota Vikings, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, kahama kwa dola milioni mia na laki tano. Akaweka kalamu chini.

"Dada, huyu mutu atapata feza yote hiyo?"

Hapana, nikamwambia. Risiti za Julai zikasubiri dakika ishirini.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa mpira huu wa Kimarekani, wa ligi ya NFL. Nimekulia Morogoro, uhasibu nimesomea Mzumbe, na mpira niliokuta nyumbani ni wa Simba na Yanga, baba upande huu, mama upande ule. Nilipofika Minnesota nikaona watu wazima wamevaa kofia ngumu, wanagongana sekunde tano, wanasimama dakika nzima. Mpaka leo robo ya tatu ikifika nimeshalala kwenye kochi. Lakini ukifika Machi, uwanja hauna mtu, ligi inahesabu fedha, hapo ndipo mwanangu ananiamsha mimi. Ana miaka kumi na mitano. Yeye anajua nani anakimbia kwa kasi gani, mimi najua nani analipwa lini, tunaelewana.

Jambo la kwanza kuelewa ni ukomo wa mishahara. Kila timu kati ya zile 32 ina kiwango kimoja cha juu inachoruhusiwa kuandika vitabuni kwa mwaka. Ulipoanza mwaka 1994 ukomo ulikuwa dola milioni 34.6. Mwaka 2025 ulikuwa milioni 279.2. Tajiri wa timu hata awe na visima vya mafuta, haruhusiwi kuupita. Sasa mpe mhasibu sheria ya namna hiyo uone atafanya nini. Atatafuta njia ya kulipa leo na kuandika kesho.

Njia yenyewe ni fedha ya kusaini. Mchezaji akipewa milioni 30 siku ya kusaini mkataba wa miaka mitano, milioni 30 zinaingia kwake. Vitabuni timu inaandika milioni 6 kila mwaka kwa miaka mitano. Kwa wanaojua uhasibu, ni kama kununua mashine na kugawa gharama yake kwa miaka ya matumizi. Tofauti ni kwamba mashine haipasuki goti. Ukimfukuza mtu baada ya mwaka wa pili, zile milioni 18 ambazo hazijaandikwa zinakurudia, nawe huna mtu uwanjani. Wenyewe wanaiita fedha mfu, na kwa hili sina haja ya kutafuta neno lingine.

Denver walionja mwaka 2024. Mwaka 2022 walimwongezea Russell Wilson miaka mitano yenye thamani ya zaidi ya milioni 240. Miaka hiyo mipya ilikuwa haijaanza hata siku moja walipomwacha, Machi 2024, na milioni 85 za fedha mfu zikawaangukia, zikagawanywa kwa misimu miwili. Wilson akaenda Pittsburgh kwa kima cha chini, milioni 1.21, kwa sababu milioni 39 zake za mwaka huo zilikuwa za uhakika na Denver ndio waliobeba sehemu kubwa ya mzigo. Pittsburgh walipata kwotabeki aliyewahi kutwaa ubingwa kwa bei ya mtu wa benchi. Nilicheka peke yangu ofisini.

Halafu kuna kitu ambacho mwanangu alinionyesha kwenye simu nikadhani amekosea kusoma. Mkataba wa miaka mitatu unaandikwa miaka mitano, na ile miwili ya mwisho kila mtu aliyepo mezani anajua haitakuwepo. Iko pale ili gharama ipate mahali pa kulala. Sisi tuna jina la kitu kama hicho tangu zamani, tuna wafanyakazi hewa. Basi hii ni miaka hewa. Kirk Cousins alipoondoka hapa Minnesota kwenda Atlanta mwaka 2024, alituachia milioni 28.5 za miaka hewa vitabuni. Msimu mzima yuko Atlanta, na hesabu yake iko kwetu.

(Na huko Atlanta nako. Mkataba ulitangazwa milioni 180, mia moja za uhakika. Wiki sita hivi baadaye, usiku wa drafti, yaani timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, timu hiyohiyo ikamchukua kijana wa nafasi ileile, Michael Penix, chaguo la nane. Kufika Desemba Cousins yuko benchi.)

Ndiyo maana Darnold aliletwa. Pengo la Cousins lilihitaji mtu wa bei ndogo. Darnold alikuwa chaguo la tatu la drafti ya 2018, New York Jets walimchosha, wakamtupia Carolina, akaenda kukaa benchi San Francisco. Tukampa mwaka mmoja, milioni 10, ashike nafasi wakati J.J. McCarthy, chaguo la kumi, anajifunza. McCarthy akaumia goti kabla ya msimu kuanza. Darnold akaingia, akashinda mechi 14 kati ya 17, akarusha tachidauni 35, yaani pasi za kufunga. Kanisani Waliberia walikuwa wanasali na jezi ya zambarau chini ya koti.

Mwisho ukawa mbaya, siwezi kuupamba. Detroit walitufunga 31 kwa 9 katika mechi ya kuamua nani anaongoza kundi. Wiki iliyofuata tukacheza mtoano na Rams, mechi ikahamishiwa Arizona kwa sababu ya moto wa Los Angeles, na Darnold akaangushwa na mpira mkononi mara tisa. Robo ya tatu ile sikulala.

Basi turudi kwa swali la yule kaka. Milioni 100.5 ni namba ya gazeti. Wakala anaitaka iwe kubwa kwa sababu ndiyo inayompatia mteja wa kesho, na timu haijali, kwa sababu sehemu kubwa yake haina uhakika. Katika mkataba wa Darnold, fedha yenye uhakika kamili siku aliyosaini ni milioni 37.5, na kati ya hizo 32 ni za kusaini. Kuna nyingine 17.5 za mwaka wa pili ambazo mwanzoni zina uhakika wa kuumia tu. Maana yake akivunjika mguu atalipwa, lakini akicheza vibaya timu inaweza kumwacha kabla hazijaiva. Mwaka wa tatu ni ahadi ya mchumba. Kwa hiyo nilimwambia yule kaka, toa 100 kichwani, weka 37 na nusu, ukiwa na moyo mwepesi weka 55.

Kwa watu wa mpira wetu hili ni gumu kulikubali. Kwetu mchezaji mwenye mkataba wa miaka mitatu ana mkataba wa miaka mitatu. Klabu ikiuvunja bila sababu ya haki anaipeleka FIFA, na tumeona klabu zikifungiwa usajili kwa madeni ya namna hiyo. Huku, katika mchezo unaovunja watu mifupa, timu inaweza kukuita asubuhi ya Machi ikakwambia rudisha kitabu cha mbinu, na kile ambacho hakikuandikwa neno uhakika kinabaki karatasi. Yule kaka akasema, ah, kumbe ni kama mzigo ambao dalali amekuahidi kwa simu. Nikamwambia umeelewa kuliko watangazaji wa redio.

Na kodi sijagusa bado! Minnesota inamkata mwenye kipato cha juu asilimia 9.85, juu ya ile ya serikali kuu. Jimbo la Washington, liliko Seattle, halitozi kodi ya mshahara. Kwa kila milioni kumi za mshahara ni karibu milioni moja inayobaki mfukoni, ingawa si moja kwa moja hivyo, kwa sababu mchezaji anadaiwa kodi na kila jimbo anakofanya kazi, kwa hesabu ya siku. Seattle kila mwaka wana safari moja Santa Clara na moja Los Angeles, zote California, na moja Arizona. California, ambako kiwango cha juu kinapita asilimia 13, watamsubiri uwanja wa ndege. Arizona wao ni asilimia 2.5 tu, karibu sana. Jumlisha na ujira wa wakala, unaoweza kufika asilimia 3, ambao tangu sheria ya 2017 mwajiriwa haruhusiwi hata kuutoa kwenye hesabu ya kodi ya serikali kuu. Yule kaka wa lori anaruhusiwa kutoa dizeli, matairi na chakula cha njiani, kwa sababu amejiajiri. Kwa kipengele hicho kimoja amempita Darnold, na alifurahi sana nilipomwambia.

Mwaka mpya wa ligi ulianza Jumatano, tarehe 12, saa kumi jioni kwa saa za New York. Zile siku mbili kabla, mawakala wanaruhusiwa kuongea na timu lakini hakuna anayesaini. Kila kitu kimeshakubaliwa na hakuna kilichokubaliwa. Kama barua ya posa imefika na majibu hayajatoka, ila shangazi wameshashona sare.

Drafti ilikuja mwishoni mwa Aprili, ritani zimeshapelekwa, nikaitazama nimejilaza. Ilifanyika Green Bay, kwa mahasimu wetu, tarehe 24 hadi 26. Kwa msomaji wa Tanzania drafti si ngeni hata kidogo, ni kupangiwa shule. Umefaulu, umejitahidi, lakini huchagui uende wapi. Unakaa na wazazi sebuleni kusubiri jina, na unaweza kuwa mtoto wa Dar ukapangiwa Kibondo. Timu iliyofanya vibaya ndiyo inayochagua kwanza. Tennessee wakamchukua Cam Ward, kwotabeki. Sisi tukachukua mtu wa kumkinga kwotabeki, Donovan Jackson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, chaguo la 24. Baada ya zile mara tisa, sikuwa na pingamizi.

Nilichokitazama mimi ni Shedeur Sanders. Watu walimtaja raundi ya kwanza miezi mizima. Alhamisi ikapita. Ijumaa ikapita. Jumamosi ndipo Cleveland wakamwita, raundi ya tano, chaguo la 144. Mishahara ya wanaochaguliwa imepangwa kwa namba, hakuna cha kubishana. Ward atapata zaidi ya milioni 48 kwa miaka minne, Sanders karibu milioni 4.6. Utaratibu huu ulikuja mwaka 2011. Mwaka mmoja kabla, Sam Bradford, chaguo la kwanza, alisaini miaka sita kwa milioni 78, na 50 zikiwa za uhakika. Cam Newton akaja 2011, chaguo lilelile la kwanza, akaambiwa miaka minne, milioni 22. Kuchaguliwa mwaka mmoja baadaye kunagharimu.

Mwanangu alihuzunika kwa ajili ya Sanders. Nikamkumbusha Brock Purdy, chaguo la 262 mwaka 2022, la mwisho kabisa, lile ambalo mwenyewe anapewa jina la utani la Bwana Asiye na Maana. Alicheza fainali ya ubingwa huku mshahara wake wa mwaka haujafika milioni. Mei 2025 San Francisco wakampa miaka mitano, milioni 265.

Kwangu binafsi hasara ni moja. Krismasi nilimnunulia mwanangu jezi ya Darnold, namba 14, dola mia na thelathini. Kaivaa mechi tatu. Nilimwambia kihasibu inatakiwa ifutwe vitabuni yote kwa mkupuo, akakataa, anaivaa kulalia.

Ile habari ya Purdy ilipotoka alikuja mbio jikoni, "Mama, 265!" Nilikuwa nakuna nazi. Nikamuuliza za uhakika ngapi. Akasema 181. Nikamuuliza, siku ya kusaini, au zinaiva baadaye? Akatazama simu, akarudi chumbani kwake taratibu, jezi ya Darnold imemfika magotini.