Imani Isiyofumba Macho Mbele ya Kaburi

Katika sura ya nne ya Waraka kwa Warumi, Mtume Paulo anamweleza Ibrahimu kwa maneno ambayo wengi wetu huyapita haraka ili tufike kwenye mistari mitamu inayofuata. Anasema kwamba Ibrahimu, asiyekuwa dhaifu wa imani, alifikiri hali ya mwili wake uliokuwa umekwisha kufa, akiwa amepata umri wa kama miaka mia, na hali ya kufa ya tumbo la Sara. Aliifikiri hali hiyo akiwa na akili zake timamu. Hakujilazimisha kusema kwamba bado ni kijana, wala hakumkataza mkewe kuutaja uzee wao, na Paulo anauhesabu utambuzi huo kuwa sehemu ya imani yenyewe.

Nimeurudia mstari huo mara nyingi tangu siku niliyoketi msibani na kumsikia mhubiri akimwambia mama aliyefiwa na mwanawe kwamba mtoto angepona kama nyumba ile ingekuwa na imani ya kutosha. Mama hakujibu neno. Alikuwa ameshika nguo ndogo ya marehemu, akawa anaikunja na kuikunjua juu ya magoti yake huku mhubiri akiendelea na somo. Sina shaka kwamba mtu yule alikusudia kutia watu moyo, lakini alilolisema lilikuwa baya, na ubaya wake unazidi ukosefu wa adabu mbele ya wafiwa. Ukiifanya imani kuwa nguvu ambayo mtu huizalisha ndani yake, na neema kuwa ujira wa nguvu hiyo, umekwisha kuubomoa ufufuo hata kama unauimba kila Pasaka. Katika Maandiko mambo haya matatu hayatengani, kwa sababu Mungu wa Biblia huokoa kwa kufufua wafu, na aliyekufa hana mchango wowote anaoutoa katika kufufuliwa kwake.

Turudi kwanza kwa Ibrahimu, maana Paulo anamsoma kwa ukarimu ambao unaweza kumshangaza mtu aliyetoka kukisoma Kitabu cha Mwanzo. Alitoka Harani akiwa na umri wa miaka 75, ahadi ikiwa masikioni mwake. Alipofikisha miaka 86 alikuwa amekwisha kumzaa Ishmaeli kwa Hajiri, yaani yeye na Sara walikuwa wamejitafutia njia ya kumsaidia Mungu kuitimiza ahadi yake mwenyewe. Alipokuwa na miaka 99 na ahadi ikarudiwa, alianguka kifudifudi akacheka, akisema moyoni kama mtu wa miaka mia ataweza kuzaliwa mwana. Isaka alizaliwa mwaka uliofuata. Hiyo ni miaka 25 ya kungoja, na ndani yake mna mashaka, hila, ugomvi wa nyumbani na kicheko. Hata hivyo Paulo anaandika kwamba Ibrahimu hakusita kwa kutoamini.

Je, Paulo alisahau? Sidhani. Mtu aliyelelewa katika Torati kama yeye hakusahau habari za Hajiri, na katika Waraka kwa Wagalatia anazitumia kwa kirefu. Naona kwamba anaiangalia imani ya Ibrahimu kwa kumwangalia yule aliyeaminiwa. Katika mstari wa 17 anamtaja Mungu kuwa ndiye "mwenye kuwahuisha wafu, ayatajaye yale yasiyokuwako kana kwamba yamekuwako". Uzito wote uko hapo. Ibrahimu alikuwa na mwili uliokufa upande mmoja na Mungu anayehuisha upande wa pili, naye alibaki katikati akiviona vyote viwili. Kisha, mwishoni mwa sura, Paulo anatuingiza na sisi: tunahesabiwa haki sisi tunaomwamini yeye aliyemfufua Yesu Bwana wetu katika wafu, ambaye alitolewa kwa ajili ya makosa yetu na kufufuliwa ili tuhesabiwe haki. Tumbo la Sara na kaburi la Yusufu wa Arimathaya, alimolazwa Yesu, vimewekwa kwenye mstari mmoja.

Sura ya pili ya Waefeso inalisema jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Watu hupenda kuunukuu mstari wa nane, "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani", na wana haki ya kuupenda, lakini mstari huo una mizizi yake juu kidogo, mahali tunapoambiwa kwamba tulikuwa wafu kwa sababu ya makosa yetu, na kwamba Mungu, aliye mwingi wa rehema, alituhuisha pamoja na Kristo. Mwandishi hasemi tulikuwa wagonjwa. Mgonjwa aliyemeza dawa kwa saa zake na kuitikia masharti ya tabibu anaweza kusifiwa kidogo siku atakaporudi nyumbani. Maiti haisifiwi kwa kufufuliwa. Ndiyo maana mtume anaongeza, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu", na kwa maoni yangu imani nayo haina kibali cha kujisifu. Anayesema ameokoka kwa kuwa aliamini kwa nguvu kuliko jirani yake amerudisha kwa mlango wa nyuma majivuno ambayo Paulo ameyatoa kwa mlango wa mbele.

Hakuna mahali ninapoliona jambo hili wazi kama Bethania, katika sura ya 11 ya Injili ya Yohana. Martha, aliyefiwa na ndugu yake Lazaro, anatoka kumlaki Yesu na neno lake la kwanza ni lalamiko lililovaa heshima: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Yesu hamkemei. Anamwambia ndugu yake atafufuka, naye Martha anajibu kama mwanafunzi aliyelishika somo vizuri, kwamba anajua atafufuka katika ufufuo siku ya mwisho. Hapo ndipo Yesu anapolitoa fundisho kutoka siku ya mwisho na kuliweka katika nafsi yake, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima", na Martha anatoa ungamo linalolingana na lile la Petro, kwamba yeye ndiye Kristo, Mwana wa Mungu, yule ajaye ulimwenguni.

Tungependa habari iishe hapo, Martha akiwa mshindi wa imani. Lakini wanafika kaburini, Yesu anaagiza jiwe liondolewe, na Martha yuleyule aliyeungama dakika chache kabla anaingilia kati: "Bwana, ananuka sasa, maana amekuwa maiti siku nne." Nampenda sana Martha kwa sentensi hii. Ni mwanamke anayejua kuendesha nyumba, anayejua joto hufanya nini kwa mwili uliokaa siku nne, na asiyetaka aibu ya harufu ile mbele ya wageni waliotoka Yerusalemu kuwafariji. Imani yake ilitosha kuungama, ila haikutosha kuliondoa jiwe, na bado jiwe liliondolewa. Yesu alimkumbusha tu kwamba akiamini atauona utukufu wa Mungu, kisha akaendelea na kazi bila kumngoja apate imani iliyo kubwa zaidi. Lazaro hakufufuliwa kwa kipimo cha imani ya dada zake. Lazaro mwenyewe, na hili msomaji aliangalie, hasemi neno hata moja katika Injili yote; anaugua, anakufa, anaitwa, anatoka amefungwa sanda miguu na mikono, na watu wengine wanaagizwa wamfungue. Katika sura inayofuata tunamkuta ameketi chakulani pamoja na Yesu, na wakuu wa makuhani wanafanya shauri la kumwua naye pia, kwa kuwa watu wengi walikuwa wakimwamini Yesu kwa ajili yake.

Na katikati ya hayo, Yesu analia machozi. Yeye aliyekuwa akijua atakalolifanya muda mfupi baadaye hakuona kwamba machozi yanaipunguza imani. Wanaowakataza wafiwa kulia kwa jina la imani inawapasa waeleze wanaupeleka wapi mstari huo.

Paulo alipowaandikia Wakorintho kuhusu ufufuo, katika sura ya 15 ya waraka wa kwanza, kwenye miaka ya 50, alikuwa anashughulika na watu waliokuwa na vipawa tele lakini baadhi yao wakisema hakuna kiyama ya wafu. Anaanza kwa mapokeo aliyoyapokea yeye mwenyewe: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akamtokea Kefa, yaani Petro, kisha wale Thenashara, kisha ndugu zaidi ya 500 kwa wakati mmoja, ambao wengi wao walikuwa wangali hai alipoandika. Ni orodha ya mashahidi, nayo ina ukavu wa orodha. Ghafla inavunjika anapofika kwenye jina lake mwenyewe. Anajiita kama mtu aliyezaliwa si kwa wakati wake, mdogo katika mitume, asiyestahili kuitwa mtume kwa sababu aliliudhi Kanisa la Mungu, kisha anasema, "kwa neema ya Mungu nimekuwa hivi nilivyo". Neema imejitokeza katikati ya ushahidi wa kaburi tupu, na haikupotea njia. Kwa Paulo, kumwona Bwana aliye hai na kusamehewa damu ya watu aliowatesa lilikuwa tukio moja la njia ya Dameski. Hakuwahi kuujua ufufuo usio na msamaha ndani yake.

Petro naye hakuujua. Katika Injili ya Marko, kijana aliyevaa vazi jeupe kaburini anawaagiza wanawake wakawaambie wanafunzi wake, "na Petro". Petro alikuwa mmoja wa wanafunzi, kwa hiyo jina lake lingeweza kuachwa, isipokuwa kwamba yeye mwenyewe huenda alikuwa amekwisha kujitoa katika hesabu kwa kuwa alimkana Bwana wake. Yohana anakwenda mbali zaidi. Usiku ule wa kukana, Petro alikuwa akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Pwani ya Bahari ya Tiberia, baada ya ufufuo, wanafunzi wanakuta moto wa makaa tena, samaki juu yake na mkate. Mbele ya moto huo anaulizwa mara tatu kama anampenda Bwana, na swali la kwanza lina ncha: "kuliko hawa?" Ndiye aliyekuwa amejigamba kwamba hata wote wakichukizwa, yeye hatachukizwa. Safari hii Petro haujibu ulinganisho huo. Anasema tu kwamba Bwana anajua kuwa anampenda, naye anapewa kondoo wa kulisha.

Kuna wanaoogopa kwamba mafundisho haya huzaa uvivu. Waefeso inajibu hofu hiyo katika mstari wa kumi, kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema, na Yakobo katika waraka wake amelisema la kwake bila kumung'unya maneno, kwamba imani pasipo matendo imekufa; sioni haja ya kuwapatanisha watu wasiogombana. Linalonivutia zaidi ni namna Paulo anavyoimaliza ile hoja ndefu ya ufufuo katika Wakorintho. Katika mstari wa 58, baada ya parapanda ya mwisho na mauti kumezwa kwa kushinda, anawaambia wazidi sana kutenda kazi ya Bwana, wakijua kwamba taabu yao si bure. Ukumbuke kwamba barua yake haikuwa na sura wala namba za mistari. Zote ziliwekwa karne nyingi baadaye. Neno linalofuata moja kwa moja linahusu changizo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu: siku ya kwanza ya juma kila mmoja aweke akiba kwake, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili michango isisubiri mpaka yeye atakapofika, na fedha hizo zipelekwe na watu watakaowachagua wao wenyewe.